Pelele na Gundi Aliyoionea Haya

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hao wa nyuma wanaitikia kama wameukalia ulimi. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Ehee. Mwenye mtoto ampakate, mwenye kiu anywe sasa hivi, maana mimi nikishaanza sipumui.

Hapo zamani, zamani hasa, Ngiri akiwa bado hajajifunza kupiga magoti akila, palikuwa na kilima cha mawe. Jiwe juu ya jiwe, jiwe juu ya jiwe. Chini ya kilima palikuwa na uwanja, na uwanjani palikuwa na kazi.

Kazi gani? Kazi ya vihenge. Kihenge mnakijua, lile ghala dogo la kusuka, la kuwekea mtama na kunde, ili kiangazi kikija watoto wale.

Mwanzoni kila mnyama alijaribu kivyake, na kila mnyama alishindwa kivyake. Mhanga, yule mwenye pua ndefu na kucha za kuchimbia, alichimba shimo, fuku fuku fuku, akaweka mtama wake humo, mvua ikanyesha, mtama ukaota humohumo. Mnana, ndege msukaji, akasuka kikapu kizuri cha kupendeza, panya akapitisha mkono. Bibi Mchwa, mkubwa wa kichuguu, akafinyanga mtungi, jua likaupasua, pa! Mhanga akamcheka Mnana, Mnana akamcheka Bibi Mchwa, Bibi Mchwa akamcheka Mhanga. Halafu njaa ikawacheka wote watatu.

Ndipo wakakaa chini. Wakakubaliana. Mhanga achimbe udongo mwekundu wa chini. Mnana asuke. Bibi Mchwa na wanawe waukande udongo, waukandike juu ya ususi. Lakini hapo palikuwa na jambo, maana Mhanga chakula chake ni nini? Si ni mchwa?

"Sasa sikiliza, mjukuu wangu," Bibi Mchwa akamwambia. "Huo ulimi wako mrefu ukae mdomoni."

"Bibi, mimi nitakuwa nakula mchwa wa ng'ambo ya bonde tu."

"Apa."

"Naapa."

"Apa ukiwa umefumba mdomo."

Mhanga akaapa amefumba mdomo, mm, mm, mm. Na tangu siku hiyo hakuonja hata mmoja wa kichuguu kile.

Kazi ikashika moto. Wanyama wakaja kutoka mbali, huyu na asali, huyu na viazi mwitu, wakaondoka na vihenge. Punda Milia akaona pana mizigo, akaja kubeba. Kanga akaona pana nafaka zinamwagika, akaja kuokota, na kwa kuwa ana jicho kali akawa ndiye wa kuchungulia vihenge vya watu kama vina wadudu. Pale palipokuwa na wawili watatu pakawa na umati. Na Mhanga akamchimbia kila mfanyakazi shimo la kulala, mlango mwembamba, ndani pana nafasi, Tai hawezi kuingiza hata ukucha.

Walikuwa na desturi moja. Mwezi ukiandama, kesho yake asubuhi, wote uwanjani. Siku hiyo iliitwa Siku ya Kuonyesha Mkono. Kila fundi anafanya kazi yake polepole mbele ya wenzake, na wenzake wanajaribu. Mhanga anasuka kwa zile kucha, watu wanacheka mpaka wanajilaza. Mnana anachimba kwa mdomo, anatoka ana udongo hadi kisogoni. Sababu yake? Ni kwamba fundi akiugua, kazi isilale.

Na walikuwa na wimbo. Imbeni na mimi.

*Chimba, Mhanga, chimba!*
*Suka, Mnana, suka!*
*Kanda, Bibi, kanda!*

Mstari wa nne haukuwapo bado. Mstari wa nne ndio hadithi yenyewe.

Maana adui mmoja alikuwa amewashinda: dumuzi, kadudu kadogo keusi ka kutoboa mtama. Ususi umebana, udongo umekauka, na kenyewe kanapita tu. Kri, kri, kri. Mwenye kihenge anafungua, anakuta unga.

Sasa Pelele akaja.

Pelele ni mnyama mdogo wa mawe, mnene kidogo, hana mkia. Ukimwona kwa mbali utasema panya aliyeshiba, ila usimwambie hivyo. Huyu Pelele alizaliwa kilimani pale pale, akaolewa kilima cha pili, na huko Tai akamchukua mumewe mchana kweupe, vuuu, hata kilio hakikumaliza kutoka. Basi akarudi kwao. Kwao hakukuta mtu. Mama hayupo, bibi hayupo, mawe matupu. Na tumboni ana mimba. Akashuka uwanjani, kila kivuli kikipita anaruka.

"Naombeni shimo," akasema. "Lolote. Hata bovu."

"Karibu, dada," Mnana akamjibu, huku anasuka, chwi chwi chwi, mkono haukai. "Hapa kila mtu ana mkono wake. Wako ni upi?"

Pelele akatazama mikono yake. Mifupi. Haichimbi, haisuki.

"Nitawaambia kesho," akasema.

Akapanda kilimani akakaa nyuma ya jabali kubwa, akalia. Alilia sana. Alipotaka kuinuka, mguu hauinuki. Nata! Akavuta. Nata, nata, nata! Akatazama chini, na alipojua amekalia nini, mwili wote ulimchemka kwa haya ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Mnajua mapelele walivyo? Ukoo mzima una choo kimoja. Jabali moja tu, bibi alikojoa hapo, mama yake bibi alikojoa hapo, na mama yake huyo pia. Jua likakausha, mvua ikalainisha, jua likakausha tena, miaka na miaka, mpaka mkojo ukaganda ukawa mweusi kama lami, mzito, wa kunata, na harufu yake si mbaya tena, ni kama ubani wa zamani. Hapo ndipo alipokuwa amekaa. Na pembeni, dumuzi alikuwa anapita juu ya jiwe. Dumuzi akafika kwenye ule weusi, akanusa, akageuka, akakimbia.

Pelele akaacha kulia.

Akabandua kipande. Akakilainisha juani. Akashuka nacho, akapaka mshono wa kihenge kimoja, tepe, tepe, tepe. Wakatia mtama, wakatia dumuzi saba, wakafunika. Siku tatu. Wakafungua. Dumuzi saba wamekauka, mtama mzima!

Uwanja ulilipuka. Punda Milia akarusha mateke. Kanga akapiga kelele mpaka akakaukiwa na sauti. Mhanga akambeba Pelele mgongoni akamzungusha.

"Dada, umetoa wapi dawa hii?" Mnana akauliza.

Sasa tazameni. Jibu lilikuwa dogo. Lakini wote wanamtazama, wote wanamsifu, ndiyo kwanza anasifiwa tangu mumewe afe, na yeye aseme nini? Aseme ni mkojo wa bibi yangu? Akageuza uso. Pembeni ya uwanja palikuwa na ua wa mnyaa, ule mti usio na majani, vijiti vitupu, ukiukata unatoa maziwa. Macho yake yakaangukia hapo, mdomo ukaenda wenyewe.

"Ni utomvu," akasema. "Wa mti. Mti wa kwetu. Ni kama huo mnyaa, ni ndugu yake, ila wa kwetu uko mbali. Mbali sana. Na niliapishwa nisiupeleke mtu."

"Haya," wakasema.

Wakampa shimo. Na wimbo ukapata mstari wa nne:

*Chimba, Mhanga, chimba!*
*Suka, Mnana, suka!*
*Kanda, Bibi, kanda!*
*Paka, Pelele, paka!*

Kila walipofika kwenye jina lake, yeye aliimba kwa sauti ndogo.

Mwezi ukaandama. Siku ya Kuonyesha Mkono. Mhanga akaonyesha, Mnana akaonyesha, Bibi Mchwa akaonyesha. Pelele alikaa nyuma, macho miguuni, hakutazama hata kimoja. Ikafika zamu yake.

"Leo tumbo linanivuta," akasema. Wakamwambia pole.

Mwezi wa pili: "Leo jua kali, gundi haitaki jua."

Mwezi wa tatu: "Leo nimepatwa na kizunguzungu."

"Shemeji," Mnana akasema, alikuwa ameanza kumwita shemeji kwa utani, "mkono wako una ratiba kuliko mwezi."

Watu wakacheka. Pelele naye akacheka. Usiulize alichekaje.

Kila alfajiri alipanda jabali peke yake, anaangalia nyuma, anaangalia juu kama Tai yupo, anaangalia chini kama kuna anayemfuata, na siku nyingine hakujua anamwogopa nani zaidi. Anabandua, anafunga kwenye majani, anashuka kwa njia ya kuzunguka, ili waone ametoka mbali. Hata miguu alijipaka vumbi. Ndiyo. Alijipaka vumbi.

Halafu akajifungua. Watoto watatu, wanene, wamezaliwa macho wazi, meusi, yanang'aa kama mbegu za tikiti. Pelele akalala shimoni amewakumbatia, hawezi kwenda popote. Na mavuno yalikuwa yameiva, na huko nje vihenge vinasubiri, na gundi imeisha.

Mnana akaja akasimama mlangoni.

"Hodi, shemeji! Hongera ya uzazi!"

"Starehe, shemeji."

"Shemeji, kuna Mama Ngiri amekuja na watoto wanne. Kihenge chake kimekwisha, kimebaki kupakwa tu. Mtama wake uko nje juani. Dumuzi wameshaanza kumzunguka."

"Asubiri kidogo."

"Kidogo siku ngapi?"

"Siku... siku kumi."

"Siku kumi atakuwa na unga. Nielekeze mimi, nina mabawa, hata mti uwe mwisho wa dunia nitafika."

Jabali lilikuwa juu ya kichwa chake pale pale. Angesema tu, "Ruka hapo juu, nyuma ya jiwe." Maneno sita. Yalikuja mpaka kwenye meno. Akatazama watoto wake, akawaza, wataitwaje hawa? Watoto wa mama mkojo? Wakitufukuza, Tai yuko juu.

"Niliapa," akasema. "Siwezi, shemeji."

Mnana akageuka kuutazama ua. "Si ulisema ni ndugu wa mnyaa?"

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Pelele angeweza kusema hapana.

"Ndugu," akasema. "Ndiyo. Lakini..."

"Basi sawa, pumzika." Purr, akaruka.

Ile "lakini" ikabaki shimoni peke yake. Pelele akaisikia siku nzima. Akajiambia, Mnana ana akili, hatafanya. Akajiambia, kesho nitatoka. Kesho hakutoka.

Mnana hakuwa mbaya. Mnana alikuwa na kiota chake kwenye ua wa mnyaa, analala humo, mkewe anaatamia humo, na mnyaa haukuwahi kumfanya kitu. Alijiambia hivi, kama ndugu anaua dumuzi, huyu naye ataua hata nusu. Akavunja vijiti, maziwa yakatoka, akapaka kihenge chote cha Mama Ngiri, cheupe pee, kinameremeta. Punda Milia akakibeba mpaka kwa Mama Ngiri.

Sasa. Ile gundi nyeusi nani angeilamba? Lakini kitu cheupe, cha majimaji, kinafanana na maziwa, na watoto wa Ngiri bado wananyonya. Wakakikimbilia wote wanne. Wakalamba. Wakasugua nyuso zao. Wakasugua macho.

Siku ya tatu, jua la utosi, uwanjani watu wamejaa, wakasikia kishindo. Gudu, gudu, gudu. Mama Ngiri anakuja, anakisukuma kihenge kwa pembe za mdomo, kinabingirika, kinamwaga unga wa dumuzi. Nyuma yake watoto wanne, kila mmoja ameshika mkia wa mwenzake kwa mdomo, maana hawaoni. Macho yamevimba yamefumba. Wa mwisho ni mdogo kabisa, Kitinda.

Wimbo ulikatika hapo hapo.

"Nani kapaka hiki?" Mama Ngiri akauliza. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Mimi," Mnana akasema. "Nimepaka mimi. Mnyaa. Shemeji alisema ni ndugu na ule wake."

Wote wakageuka. Pelele alikuwa ametoka mlangoni kwake, watoto mgongoni.

"Ulisema, mama mwenzangu?" Mama Ngiri akamwuliza.

Na Pelele, mwenye watoto watatu macho wazi mgongoni, akajibu hivi, sikilizeni alivyojibu: "Mimi sikumwambia apake mnyaa."

Ni kweli. Neno kwa neno ni kweli. Hakumwambia.

Mnana akamtazama.

Kanga alikuwa wa kwanza kupayuka. "Mimi ndiye ninayewaambia watu vihenge vyetu ni salama! Leo nitamwambia nani?" Punda Milia akasema tangu asubuhi watu watano wameishia njiani, wamevitupa vihenge vyao. Mhanga akasema polepole, anatazama chini, kwamba kama Mnana anapaka asichokijua basi hawezi kukaa nao. Wakakata shauri. Mnana aondoke. Afumue kiota chake, achukue mayai yake, jua lisizame akiwa hapo.

Na Kanga akachota maji ya kisima, akaanza kuwaosha watoto wa Ngiri macho, taratibu, taratibu.

Pelele akarudi shimoni. Amesalimika! Hakuna aliyemwuliza zaidi. Watoto wakanyonya. Akafumba macho, na alipofumba akasikia sauti, fyu, fyu, fyu. Sauti ndogo. Alijua ni nini kabla hajachungulia. Ni Mnana anafumua kiota. Unyasi mmoja, unyasi mmoja, mkewe pembeni amefunika mayai kwa bawa.

Mnana ambaye ndiye alimwambia karibu dada. Wa kwanza kabisa.

Mtoto mmoja wa Pelele akaacha kunyonya, akamtazama mamake. Macho yale meusi, wazi. Anamtazama tu, kama watoto wanavyotazama.

Pelele hakuweza kuyavumilia macho yale. Akainuka. Meno yanagongana, ka ka ka. Akatoka mpaka katikati ya uwanja, mahali pasipo na kivuli, mahali ambapo Tai angemwona, na akasema kwa haraka haraka, maneno yanagongana mlangoni:

"Hakuna mti. Hapakuwahi kuwa na mti. Ni mkojo. Ni mkojo wa kwetu, wa bibi na mama zake bibi, umeganda hapo juu nyuma ya jabali, hapo tu, si mbali, ni hapo, nilikuwa najipaka vumbi miguuni ili mdhani ni mbali. Nilisema mnyaa kwa sababu ndio niliouona. Shemeji aliniuliza mara mbili. Mara mbili nilinyamaza. Na leo mchana nimenyamaza mara ya tatu. Aondoke mwingine, asiondoke yeye."

Uwanja mzima ukamkodolea macho.

Halafu Punda Milia akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii mimi nimebeba mikojo?" Na mtu akacheka kwi, na mwingine akacheka kwi, kwi, kwi, na uwanja mzima ukaanza kucheka, kicheko kile kile alichokiogopa tangu siku ya kwanza, kikamwagika juu yake chote, na yeye akasimama nacho, masikio yamelala, anangoja kiishe.

Mama Ngiri hakucheka. Akamsogelea mpaka pua na pua.

"Mama mwenzangu," akasema, "mimi nalala matopeni. Watoto wangu nawapaka matope asubuhi na jioni. Ungeniambia ni mkojo ningekuambia lete, tena paka mara mbili. Haya yako ya mkojo mimi sina habari nayo. Mimi nina habari na macho ya hawa."

Kicheko kikakatika. Na hapo ndipo Pelele alipoona haya kweli. Ile ya zamani, ya jabali, ilikuwa imekuwa kitu kidogo, kama unyoya, hata hakuiona imeangukia wapi. Hii mpya ilikuwa na uzito wa jiwe, na hapakuwa na mahali pa kuifichia.

Bibi Mchwa akasogea, anatembea polepole, amezeeka.

"Mwanangu, kila mwezi nakaa hapa naonyesha mkono. Udongo wangu naukanda kwa nini?"

"Sijui, Bibi."

"Kwa mate. Natema mate mbele ya watu wote, na wanangu wote wanatema. Mwezi wa kwanza ulikuwepo, wa pili ulikuwepo. Hukuona?"

Pelele akakumbuka alikuwa anatazama wapi. "Nilikuwa natazama miguu yangu, Bibi."

"Basi hiyo ndiyo hasara yake," Bibi Mchwa akasema.

Wakauliza afanywe nini. Mhanga akasema shimo ni lake kalichimba yeye, na hamtoi mzazi mbele ya Tai. Kanga akasema atoke. Wakamtazama Mama Ngiri, maana wenye jeraha ndio wenye neno.

"Akae," Mama Ngiri akasema. "Kila nikija kuchukua kihenge awe hapa. Aniamkie, na aniangalie usoni."

Pelele akamwendea Mnana uani. Kiota kilikuwa kimefumuliwa nusu. Akaanza kumwokotea unyasi, mmoja mmoja, anampelekea. Mnana alipokea. Alisuka mpaka jua likashuka, na hakumwita shemeji siku hiyo, wala mwezi huo.

Kesho yake hawakungoja mwezi kuandama. Asubuhi wote walipanda jabali, Pelele mbele. Walipofika nyuma ya jiwe akawaonyesha. Mistari mirefu, myeupe na myeusi, inashuka kwenye mwamba. Akawaonyesha namna ya kubandua, namna ya kulainisha juani, namna ya kupaka. Mhanga akabandua vipande vikubwa mno, Kanga akanata miguu yote miwili akapiga kelele, watu wakacheka, na safari hii hawakumcheka yeye. Wote waligusa. Wote walijua.

Watoto watatu wa Ngiri walikuwa wameshaanza kuona, na baadaye walipona. Kitinda jicho moja limefunguka, la pili limebaki na ukungu mweupe, na lilibaki hivyo siku zote. Alikuja juu polepole, amegeuza kichwa upande, jicho zima mbele. Akanusa ule weusi.

"Mama Pelele, ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mwanangu."

Kitinda akageuka akatazama chini, uwanja ule pale, mashimo yale pale, mtu angeweza kudondosha jiwe likaangukia mlangoni kwa Pelele.

"Mbona ni karibu?" akauliza.

Pelele alimtazama usoni, kama alivyoagizwa.

Vihenge vikarudi kupakwa. Watu walirudi pia, wachache wachache, wanachungulia kwanza. Wimbo ukarudi na mistari yake minne, na miezi mingi baadaye, asubuhi moja, gundi ilipopungua, Mnana akapaza sauti kutoka uani: "Shemeji! Napanda kubandua, nikuletee?" Pelele aliingia shimoni kwanza, akalia kidogo, ndipo akajibu, "Niletee."

Na ndiyo maana mpaka leo, ukipita chini ya kilima cha mawe, utaona juu kwenye jabali mistari myeupe na myeusi inashuka, inaonekana toka mbali, hata mpita njia anaiona. Hapo ni kwa mapelele. Hawaifichi tena.

Mafunzo yake ni haya, wakubwa na wadogo. Mkifanya kazi pamoja, mwonyeshe mwenzio mkono wako wote, na ule unaouonea haya ndio uutangulize. Kazi ya wengi inasimama kwa kila mmoja kujua mwenzake anafanya nini. Ukificha chako kwa kuogopa kuchekwa, atakayeumia si wewe. Atakuwa mtoto wa mtu ambaye hakukukosea kitu.

Hadithi yangu naitua hapa. Nimeibeba mpaka mwisho. Mwenye kumcheka Pelele, acheke sasa, kisha aonyeshe mkono wake.